Koti la Namba Tisa

Kwa Mzee wa Ghala viganja vilitangulia, shikamoo ikafuata. Ulisimama mlangoni, ukavinyoosha mbele, naye akavitazama kama mama anayekagua mikono ya mtoto kabla ya kula. Kiganja kikiwa kinatoa jasho, hukupewa silaha asubuhi hiyo mpaka ukae kwenye benchi la nje, utulie, useme umeamkaje nyumbani. Walinzi walinung'unika sana, maana gari la kuwapeleka malindoni halikuwa na subira. Yeye hakujali. "Mkono wenye jasho una habari yake," alisema, "na mie simkabidhi bunduki mtu mwenye habari ambayo sijaisikia." Vyangu vilitoka jasho miaka yote sita niliyofanya naye kazi. Alivizoea.

Kampuni yetu ya ulinzi ni ndogo, iko Chamazi, katika nyumba ya kawaida yenye ukuta mrefu na geti la bluu. Chumba cha nyuma, ambacho mwenye nyumba alikijenga kiwe jiko, ndicho ghala la silaha. Bunduki ni kumi na moja: saba fupi, nne ndefu za kizamani zenye mbao nyingi kuliko chuma. Yeye alikuwa mtunzaji, mimi msaidizi wake na mshika daftari. Jina lake lilikuwepo kwenye makaratasi ya ofisi, lakini sikumsikia mtu akilitamka. Alitoka Kusini na aliwahi kuwa jeshini. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakusema.

Alipoambiwa kwamba msaidizi wake mpya ni mwanamke, alimwendea meneja akamwambia ghala si jikoni. Meneja akamjibu kwamba kile chumba kilijengwa kiwe jikoni, kwa hiyo hoja haina miguu. Wiki mbili Mzee hakunisemesha ila kwa kidole. Wiki ya tatu alinikuta nahesabu risasi kwa mara ya nne, kwa sababu sikuziamini zile hesabu tatu za kwanza. Akasimama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Wewe una woga," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi utafaa."

Tangu siku hiyo akanifundisha, na kila alichonifundisha kilinizidishia wasiwasi. Alinifundisha kwamba bunduki tupu haipo. Ipo bunduki uliyoikagua sasa hivi, na ukigeuka kupiga chafya, unaikagua tena. Uani kulikuwa na pipa la mchanga, na kila aliyerudi lindoni alielekeza mtutu mle kwanza, akafungua, kisha mimi nikaingiza kidole changu kidogo kwenye chemba kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki. Siyo kutazama tu, la. Kidole. "Jicho linapenda kufurahisha watu," alisema. "Kidole hakina urafiki na mtu." Nilikuwa nikirudi nyumbani na harufu ya mafuta ya bunduki kwenye hicho kidole, nikila nacho nimekikunja.

Usidhani alikuwa mtu wa makunyanzi usoni saa zote. Alikuwa na utani wa kuudhi. Zile timu mbili kubwa za mjini, zinazogawa familia za Dar nusu kwa nusu, hakuna aliyejua yeye ni wa ipi. Timu moja ikishinda alicheka, nyingine ikishinda alicheka vilevile, na aliyefungwa alimpa pole ndefu mno, yenye maswali. Kulikuwa na mlinzi aliyekwenda kulalamika kwa meneja kwamba Mzee wa Ghala anampa pole kwa makusudi.

Mpira wenyewe aliuogopa, au tuseme aliogopa kelele zake. Uwanja hauko mbali nasi, na bao likiingia sauti inakuja mpaka kwenye mabati. Mzee alifanya kazi kwa masikio. Alitambua kwa mlio kama sehemu imekaa mahali pake au imedanganya kukaa. Kwa hiyo siku ya mechi, mara watu wanapoanza kuelekea uwanjani, ghala lilifungwa na funguo zikaenda shingoni mwake, chini ya shati. Meneja apige simu, mteja apige simu, jibu lilikuwa moja: "Leo sisikii vizuri. Kesho."

Na mtu huyu, aliyeishi na mitutu, hakuweza kuchinja kuku. Tulipofanya hafla ya kumuaga mlinzi mmoja aliyestaafu, tulileta majogoo mawili, na kisu akapewa yeye kwa heshima ya umri. Alikishika, akamtazama jogoo, akanipa mimi kisu akaenda chooni. Alirudi nyama ikiwa sufuriani. Alikula vizuri tu, tena alikuwa wa kwanza kuulizia firigisi.

Sasa niseme habari ya makoti. Zile bunduki nne ndefu zina kipande cha mbao kinachofunika mtutu kwa juu, pale mkono wa kushoto unaposhika, ili mtutu ukipata moto usimuunguze mpigaji. Yeye alikiita koti. "Leo tunavua makoti," alisema kila mwanzo wa mwezi, na hiyo ndiyo ilikuwa siku niliyoipenda kuliko zote. Koti limebanwa na pete ya chuma. Unalegeza pete, unalisogeza, unalinyanyua, na chini yake ndiko kwenye mambo. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu. Ukiacha chuma kimefunikwa bila mafuta, kutu inajijenga. Mlinzi anafuta anapopaona. Chini ya koti hapaoni.

Mbao ikivimba kwa mvua za masika, koti hukaza. Hapo ndipo ulipomwona fundi. Hakutaka nyundo wala bisibisi kusogea pale. Aliiweka bunduki kwenye chumba kikavu siku mbili, akaifunika kwa gunia, akaja kuigusa asubuhi na jioni. Kisha akaligonga koti kwa kiganja kilichofungwa kitambaa, taratibu, huku amelaza sikio. "Mwenye haraka hupasua," alisema, "na aliyepasua huficha." Sentensi hiyo nimeifikiria sana baadaye.

Mikono yake ilijua mbao kuliko chuma. Koti la zamani la bunduki namba tisa lilipopasuka, alikwenda Keko kwa mafundi samani, akarudi na kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mtu. Alikichonga siku tisa, kwa kisu na kipande cha chupa, akiketi uani na miguu ameinyoosha. Lilipokaa mahali pake usingeweza kusema si la kiwandani. Lilikuwa zuri zaidi. Lilikuwa na mistari myekundu inayokwenda na mtutu. Meneja alilipenda, akasema namba tisa iwe inapelekwa kwa wateja wakubwa. Na Mzee, kwa furaha ya mchongaji, akalipaka vanishi. Siyo mafuta kidogo ya kulinda mbao, bali vanishi ya samani, akirudia mara tatu, likang'aa kama kabati la bi harusi.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, nalo ni kosa la mtu anayependa mbao. Vanishi ilipita juu ya pete, ikaingia kwenye mwanya, ikakauka. Koti, pete na chuma vikawa kitu kimoja.

Mimi sikulijua hilo kwa muda mrefu, na hapa lazima nijieleze kwa aibu. Daftari la ukarabati lina safu mbili za saini, ya fundi na ya shahidi. Kila mwezi aliandika: namba nane, koti limevuliwa, safi, namba tisa, koti limevuliwa, safi, na kuendelea. Mimi nilisaini. Namba nane niliiona. Kumi niliiona. Namba tisa daima aliishughulikia kabla sijafika, au nikiwa nimetumwa kununua matambara, na nikirudi ilikuwa imeshaegemezwa ukutani, inang'aa. Nami, mwenye woga wa kuhesabu risasi mara nne, sikuuliza. Mtu unayemheshimu humuombi ushahidi.

Siku hizo alikuwa ameanza kunipa chupa ya chai nimfungulie. Alisema vifuniko vya siku hizi vimetengenezwa na watu wasiokunywa chai. Nilicheka, nikafungua.

Kisha yule mlinzi aliyekuwa akibeba namba tisa akahamia kampuni nyingine, na orodha ya zamu ikabadilishwa. Namba tisa akapewa mdogo wangu.

Mdogo wangu Shabani ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na kazi hiyo nilimtafutia mimi baada ya kukaa mwaka mzima bila kitu. Alipangwa Kiwalani, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa familia ya Waarabu waliokaa pale tangu enzi, karibu na njia ya ndege, ambako ndege zikipita mazungumzo yanasimama. Nilipoandika kwenye daftari jina la mdogo wangu mbele ya namba tisa, kalamu ilinigoma. Nikafungua daftari la ukarabati, nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Saini yangu ilikuwepo mwezi hadi mwezi, imenyooka, ya mtu asiye na shaka. Nikajaribu kukumbuka mtutu wa namba tisa ukiwa wazi unafananaje. Sikuweza, kwa sababu sikuwahi kuuona.

"Mzee," nilimwambia siku ileile, "tuvue koti la namba tisa, nilione."

"Si tumelivua juzi?"

"Mie sikuwepo."

"Masika haya. Mbao imevimba. Ngoja jua."

Jua likaja. Akasema ngoja ukaguzi wa mwaka upite. Ukaguzi ukapita, wakaguzi walihesabu silaha, wakasoma namba, wakafungua chemba, wakasifia mbao. Akasema kesho. Kila asubuhi Shabani alikuja na viganja vyake vikavu, akapokea bunduki, akanichokoza: "Dada, mbona umenuna kama nimekuibia mume?" Nikamwambia nenda, gari linakusubiri. Nilijua mtutu uliokonda kwa kutu unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji, kwa sababu aliyenifundisha hilo ndiye aliyekuwa akiniambia kesho. Simu ikilia mchana nilikuwa naipokea kwa mkono wa kushoto, kana kwamba habari mbaya ingenikosa. Kulikuwa na tetesi za vibaka wenye mapanga kwenye maduka ya upande ule. Niliomba Mungu wasije, na wakija Shabani akimbie, aache duka, aache na bunduki, akimbie. Ajabu ya mlinzi kumwombea mlinzi mwenzake awe mwoga.

Kwa nini sikwenda kwa meneja? Nimejiuliza zaidi ya watu wote. Ningekwenda, daftari lingefunguliwa, na pale pana majina mawili.

Wiki ya tatu Mzee akachagua siku mwenyewe. Ilikuwa siku ya mechi, siku ambayo kwa sheria yake ghala halifunguliwi. Shabani alikuwa mapumzikoni, kwa hiyo namba tisa ilikuwepo. Walinzi wa ofisini walikwenda uwanjani, meneja naye. Mzee akavua funguo shingoni, akanipa nifungue kufuli. Nilidhani ananipa heshima. Kisha nikaona vidole vyake: viwili vya mkono wa kulia havikukunjuka tena, vimejikunja kama kucha za ndege. Sijui vilikuwa hivyo tangu lini. Nilivyokuwa nikinyoosha viganja vyangu mbele yake miaka yote ile, vyake sikuwahi kuviangalia.

"Kidole," akasema.

Nikaingiza kidole kwenye chemba. Tupu. Akasema tena. Tupu. Mara ya tatu nikamwambia, "Mzee, ni tupu, naapa." Akasema, "Usiape. Ingiza."

Akaniambia nipitishe ncha ya kisu kwenye mstari wa vanishi, pande zote za pete. Vumbi jekundu likaanguka mezani, nami nikajisemea ni la mninga. Nikajaribu kulegeza pete, haikulegea. Nikagonga kwa kiganja chenye kitambaa, yeye amelaza sikio karibu na mbao. Nikagonga tena, pete ikasogea. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kope.

"Sasa vuta," akasema. "Vuta wewe. Mie siwezi tena."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na wakati huohuo uwanja mzima ukalipuka kwa bao. Nilipiga kelele, nikaiachia bunduki mezani, nikajishika uso. Nilidhani imelipuka. Nilipofumbua macho koti lilikuwa limetoka, limelala pembeni, na Mzee hakuwa ameshtuka hata kidogo. Alikuwa anatazama mtutu.

Ulikuwa umevimba magamba ya kahawia. Nilipoyafuta kwa tambara yalitoka vipandevipande, na chini yake chuma kilikuwa na mashimo, mengine ungeweza kulaza punje ya mchele ndani yake. Upande wa chini kabisa, pale unyevu ulipokuwa ukijikusanya, ulikuwa umekonda. Mzee aliugusa kwa kidole chake kilichopinda.

"Huu ukiufyatua," akasema taratibu, "risasi inaweza isifike kwa mwizi."

Nilikuwa nafikiria mkono wa kushoto wa mdogo wangu, na uso wake ulio nyuma kidogo ya mkono huo.

Akaomba daftari. Aliandika kwa shida, herufi kubwakubwa: koti la namba tisa halikuvuliwa muda mrefu, yaliyoandikwa ni uongo, mkosaji ni mimi, msaidizi alisaini kwa amri yangu. Nikaisoma sentensi ile ya mwisho akiwa bado anaiandika. Hakuwahi kuniamuru. Hata mara moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo pale mezani, nikawa nayo tena meneja aliporudi akiimba, na kesho yake, tulipoitwa wote wawili ofisini. Nilinyamaza nafasi zote tatu. Namba tisa ikaondolewa kazini kabisa. Mzee naye akaondolewa, kwa barua fupi. Wiki iliyofuata funguo nilipewa mimi.

Zaidi ya miaka miwili sikwenda kumwona. Nilikuwa na sababu za kutosha: kazi, foleni, mvua, harusi ya huyu, msiba wa yule. Mwaka huu nikakutana sokoni na jirani yake wa Chanika, akaniambia mzee anaulizia watu wa kazini. Nikanunua sukari kilo mbili na mkate, nikaenda.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba isiyopigwa lipu bado, nyuma yake shamba la mihogo, na kando mtu anapanga matofali ya jirani mpya. Amekonda. Mikono yote miwili sasa ilikuwa imejikunja mapajani. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba ya zamani, ndefu. Mke wake akaleta chai. Nilikunywa nusu kikombe, ndipo nikayatoa yaliyonileta.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Uliandika kwamba uliniamuru. Hukuniamuru. Nami nilinyamaza nikakuacha uondoke peke yako."

Hakuonekana kushangaa. Alitazama mihogo.

"Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo. Yupo palepale Kiwalani."

"Alinijia kabla yako," akasema. "Hakukwambia?"

Nikaweka kikombe chini. Akanieleza. Wiki ya kwanza tu ya kubeba namba tisa, Shabani alinyeshewa lindoni. Akataka kukausha chini ya koti kama alivyowahi kutuona tukifanya ghalani, koti likagoma. Akaja kumwambia Mzee faraghani. Na Mzee alipotaja daftari, Shabani akamshika mkono.

"Akaniambia, Mzee, usiandike. Pale pana saini ya dada. Mie nitaibeba hivyohivyo, nitaomba tu isije siku ya kuitumia. Ndivyo alivyosema. Nami nilikuwa na aibu ya mikono yangu, nikaona ameniokoa."

Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Shabani, aliyenitania kila asubuhi huku akijua alichobeba. Nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Watu watatu tulijua. Kila mmoja alikuwa akimsitiri mwenzake, na bunduki ile ilipanda gari kila asubuhi.

"Ungemnyang'anya, Mzee!" nikasema, na sauti ilinitoka kubwa mpaka mke wake akachungulia. "Yeye hajui kutu inaufanya nini mtutu, wewe unajua! Ungemnyang'anya tu!"

"Ningemnyang'anya," akasema. "Ndiyo."

Yule mpanga matofali aliendelea kupanga matofali yake. Mzee akaniuliza, kwa sauti ileile ya mwanzo wa mwezi, kama makoti yangu yote yanatoka.

Nikafungua mdomo kusema ndiyo.

"Kuna moja," nikasema. "Namba kumi. Tangu masika linakaza. Msaidizi wangu amesema alilivua, nami nikasaini. Ni kijana mwenye adabu, nikaona nikimuuliza nitamvunja moyo."

"Leo ipo wapi?"

"Imetoka. Ipo lindoni."

Nikatoa simu, nikampigia mkuu wa zamu palepale mbele yake. Nikamwambia namba kumi irudi ghalani sasa hivi, na mlinzi wake asiitumie kwa lolote. Mkuu wa zamu akauliza ina nini, mteja atapiga kelele, yeye amwambie nini.

"Sijui ina nini," nikasema. "Nilisaini bila kuiona. Andika hivyo, na uandike jina langu."